Jaketi la Mpagazi

"Yago limeshakatwa," Oluoch alisema kabla hata hajamaliza chai. "Wazee wamekubaliana ni Jumamosi. Mama Adhis, jiandae, tunasafiri Ijumaa."

Celine alimtazama shemeji yake, amekaa kwenye kiti cha mumewe Benard na kofia magotini, akatamani kumfukuza. Lakini shemeji hafukuzwi, hasa aliyetoka Siaya na basi la usiku kuja kukuchukua ukamzike ndugu yake. Alimwongezea chai.

Kwa watu wao, mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, hukatwa yago, tunda refu la mwegea, likafungwa shuka na kuzikwa mahali pake. Watu hulia, mke huwa mjane, mambo yakaisha. Baada ya hapo hakuna anayetafuta tena, na hata mwenyewe akitokea siku moja akiwa mzima, hana mlango wa kuingilia. Sasa Benard hakupotea ziwani. Alipotea Mlima Kenya, siku kumi na moja zilizopita, na kwa hesabu ya Celine mtu wa siku kumi na moja bado hajafa. Angewezaje kumfungia mlango?

"Bado wanamtafuta," alisema.

"Waliacha juzi. Ni wewe uliniambia kwa simu."

Hilo lilikuwa kweli, na Celine alimchukia kwa kulikumbuka.

Aliyempeleka Benard mlimani ni Muigai wa Kawangware, mwenye ploti mbili na biashara mpya ya kuwapandisha watu wa ofisini mlimani wikendi, wapige picha pale kileleni Lenana na kurudi kazini Jumatatu wakichechemea. Wapagazi wa kule kule mlimani wanajua ukungu ukishuka mtu hukaa pale alipo, na wanajua kukataa mzigo. Muigai alipenda wapagazi wa Kibera kama Benard, ambao hawakujua kukataa. Siku ya pili ya safari mtungi wa gesi ulisahauliwa kambi ya chini, na aliyerudishwa peke yake kuufuata, saa nane mchana mvua ikianza, alikuwa Benard. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa anajua nini kuhusu ukungu wa mlima?

Muigai mwenyewe hakupanda. Yeye aliendesha safari kwa simu akiwa nyumbani. Alipompigia Celine asubuhi iliyofuata alimuuliza jambo moja: Benard alikuwa amevaa nini? Wapagazi wenzake walisema hawakumbuki, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na kila mtu alijifunika nailoni. Celine akajibu mbio mbio, na maelezo yake yakapelekwa kwa watafutaji. Hicho ndicho kitu pekee alichoweza kumfanyia mume wake, na siku zote hizo alijifariji nacho.

Oluoch alipojinyoosha kitandani kupumzika, Celine alitoka. Angebaki mle ndani angepiga mayowe, na kwao Kianda, Kibera, kuta ni mabati. Majirani wangejaa mlangoni. Akaenda Soko la Toi, kwenye cherehani yake, akafunua kitambaa na kukaa tu. Mikono ilikuwa imezoea kazi, ikaanza yenyewe kutia uzi kwenye sindano.

Wainaina, anayeuza makoti ya mitumba kibanda cha pili, alimwona akaja polepole.

"Sasa, Celine. Pole sana. Najua si wakati poa, ningemtafuta fundi mwingine, lakini mwenye hii koti anaitaka leo." Akaiweka juu ya meza. "Imechapa, imeisha rangi huku nje, lakini ndani iko safi. Nigeuzie tu. Vile uligeuza ile ya Benard."

Celine alishika koti lile. Mkono wake ukafika kwenye mshono wa bega, ukasimama hapo.

Mwezi uliopita, kamba za mizigo zilipolichana jaketi la Benard mabegani, alilifumua lote hapa hapa, kwenye meza hii. Akaligeuza, kitambaa cha ndani kikaja nje, akalishona upya, na Benard akalivaa akijitazama kwenye kioo cha Wainaina na kusema limekuwa jipya. Kitambaa cha ndani kilikuwa cha kijivu. Nyumbani waliendelea kuliita "ile nyekundu", kwa sababu ndivyo walivyoliita tangu siku lilipotoka kwenye beli la mitumba. Adhis, mtoto wao, aliliita hivyo. Benard mwenyewe asubuhi ya safari alisema, nipe ile nyekundu.

Na Muigai alipouliza, Celine alisema nyekundu.

"Celine?" Wainaina aliita. "Uko sawa?"

"Niliwaambia nyekundu," alisema. "Wainaina, siku tisa watu wanatafuta nyekundu."

Hakungoja jibu. Aliacha cherehani wazi, akapanda boda boda Ngong Road, na njia nzima hadi Naivasha Road alimhimiza mwenye pikipiki aongeze mwendo huku akijitukana kwa Kiluo. Aibu ilimchoma, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kilichomtisha zaidi, nacho kilikuwa tumaini. Kama hawakumwona kwa sababu ya rangi, basi pengine alikuwepo wa kuonekana. Pengine yupo bado. Mfa maji haachi kutapatapa, na Celine alikuwa ameshakunywa maji mengi.

Wangoi, mke wa Muigai, ndiye aliyefungua geti. Muigai alikuwa uani akiwaelekeza mafundi wa tangi la maji, na alipomwona Celine uso ukamshuka.

"Mama, kwa ukweli nimefanya yote. Chopa ilizunguka angani hadi ikachoka. Wazee wenu si wamepanga mambo ya nyumbani?"

"Jaketi haikuwa nyekundu."

"Ati?"

"Niliigeuza. Nje ni kijivu. Niliwadanganya bila kujua. Wapigie, waambie ni kijivu, warudi juu."

Pengine Muigai alitaka kusema siku kumi na moja ni nyingi kwenye baridi ile. Wangoi alimkazia macho, na mumewe akatoa simu. Alimpigia Kagiri, kiongozi wa watafutaji, mtu wa Naro Moru ambaye hakuwahi kumwona Benard maishani mwake, akaweka sauti juu ili Celine naye asikie. Akaeleza. Muigai akaangalia kioo cha simu kuona kama imekatika.

"Kijivu," Kagiri alisema mwishowe. "Kijivu kabisa?"

"Kijivu," Celine akasema.

"Siku ya nne tulikuwa kwa ridge, huko juu mgongoni mwa mlima, tunaangalia chini, bonde fulani lenye kaziwa kadogo. Kulikuwa na mtu ng'ambo, amekaa kwa mawe. Jaketi ya kijivu. Tukapiga mluzi."

"Akafanya nini?"

"Akainua mkono. Huku wapagazi tukionana mbali tunasalimiana hivyo, mama. Tukajua ni wa kikundi kingine, anapumzika. Sisi tulikuwa tunatafuta mwekundu."

"Halafu?"

"Tukampungia pia, tukaendelea." Sauti yake ilikuwa imefifia. "Tukaandika bonde hilo lina watu, kwamba huyo mtu wenu angekuwa hapo wangekuwa wamemwona. Hatukurudi huko. Hata chopa tuliiambia isipoteze wakati hapo."

Mafundi wa tangi walikuwa wameacha kugonga. Celine aliisogelea simu.

"Mkono gani?"

"Nini?"

"Aliinua mkono gani?"

"Wa kushoto," Kagiri alisema. "Nakumbuka kwa sababu aliuinua mara mbili."

Benard alikuwa mtu wa shoto. Alikula kwa mkono wa kushoto, alipigilia misumari nao, na mama yake alimchapa utoto mzima asiweze kumbadilisha. Celine alikaa chini pale pale sarujini. Alitafuta neno la kumtukana Muigai, aliyempeleka mtu kwenye ukungu kwa ajili ya mtungi, na alikuwa na haki nalo. Lakini kila alipofungua mdomo neno lililokuja lilikuwa lile moja la rangi, na lilikuwa lake mwenyewe. Wangoi alikaa chini kando yake, akamshika bega.

Kagiri alisema anapanda sasa hivi na watu wanne, na kesho saa sita watakuwa kwenye lile bonde. Hakusema anategemea kukuta nini, na hakuna aliyemuuliza.

Simu ya Celine ikalia mfukoni. Alikuwa Oluoch.

"Uko wapi? Adhis ametoka shule anakutafuta."

"Kawangware. Kwa Muigai."

"Kuna habari? Wamemwona?"

"Walimwona, shem," Celine alisema. "Siku ya nne. Aliwapungia mkono, na wao wakampungia."