Nyumba ya Opiyo Isiyo na Mlango

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Kisumu ilipambazuka na joto la kunata. Mawingu yalikuwa yamerundikana juu ya ziwa tangu alfajiri, lakini mvua haikushuka, na upepo uliotarajiwa kuyasukuma haukutokea. Ooko alitoka kwake Migosi saa moja unusu akiwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake hospitalini, na kwa hali aliyokuwa nayo mdogo wake, mtu hangejua atakutana na nani.

Ooko alikuwa seremala wa milango na madirisha pale Mamboleo. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kila Jumatatu na Jumatano jioni alikuwa mwanafunzi wa gumbaru, darasa la watu wazima. Katika umri wa miaka hamsini na minane alikuwa amejifunza kusoma ramani, kugawanya sehemu na, muhula uliopita, huduma ya kwanza. Mwalimu aliwafundisha kupima mapigo ya moyo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa, sekunde sitini kamili. Ooko alipata alama tisa kati ya kumi. Ile moja ilipotea kwa sababu alitumia kidole gumba, na kidole gumba kina mapigo yake chenyewe, hivyo alikuwa amejipima mwenyewe na kujikuta mzima.

Opiyo, mdogo wake, alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliwachukua Port Victoria na kuwauza Kisumu. Safari ya mwisho alirudi na homa, homa ikaingia kifuani, na Ijumaa moyo wake ukaregea kama mpira uliotobolewa. Madaktari walimfunga kwenye mashine ya moyo na mapafu, ambayo hospitali ile ilikuwa nayo moja tu.

Ooko aliruhusiwa dakika kumi. Mashine ilikuwa na ukubwa wa friji ndogo, juu ya magurudumu. Mrija mnene ulitoa damu pajani mwa Opiyo ikiwa nyeusi, ukaipitisha kwenye kisanduku cha plastiki, na mrija mwingine ukairudisha ikiwa nyekundu. Sista Lornah, muuguzi aliyeketi kando yake kutwa nzima, alikuwa akiandika tarakimu kwenye karatasi pana. Opiyo alikuwa amelala, mpira wa kupumulia mdomoni, mtulivu kuliko alivyopata kuwa maisha yake yote.

Ooko alimshika mkono. Aliweka vidole viwili, akahakikisha kwamba cha gumba hakimo, akatazama saa ya ukutani. Zilipokwisha sekunde sitini alikuwa amehesabu sifuri.

Akazunguka kitanda, akashika mkono wa pili. Sifuri.

Mkono ulikuwa na joto, lakini mwezi wa Machi Kisumu hata msumari una joto. Skrini ilikuwa na mistari ya rangi iliyokuwa ikirukaruka, lakini skrini ilikuwa ya hospitali na vidole vilikuwa vyake. Ooko alimtazama Sista Lornah akiandika kwa bidii. Alikuwa amelelewa kutomwambia mtu, akiwa kazini kwake, kwamba kazi imeharibika. Aliinamisha kichwa, akaomba sala fupi ya kumkabidhi mdogo wake kwa Mungu, akashukuru, akatoka.

Adero, mke wa Opiyo, alikuwa kwenye benchi la nje na Biblia mapajani.

"Umemwonaje, shemeji?"

"Ametulia," alisema Ooko. Huo haukuwa uongo.

Sasa, katika ukoo wao kulikuwa na jambo ambalo hata watoto walilijua. Mwanamume mwenye mke na watoto haletwi kutoka mochari akalazwa kwenye nyasi kama mgeni. Lazima kuwe na nyumba yake, nyumbani kwao. Opiyo hakuwa nayo. Kule Seme baba yao alikuwa amempimia kiwanja kabla hajafa, na kwa miaka kumi na miwili Opiyo alikuwa ameahidi kwamba Krismasi hii atajenga. Krismasi zilikuja zikaenda. Kiwanja kilibaki na mbuzi wa jirani.

Ooko alikwenda moja kwa moja Mamboleo kwa Wachira, mtu wa Nyeri aliyeuza mbao na mabati mkabala na karakana yake kwa miaka ishirini.

"Pole sana, Mzee Ooko," alisema Wachira alipoelezwa. "Amefariki saa ngapi?"

"Hawajasema."

"Nani hajasema?"

"Hospitali."

"Sasa wewe umejuaje?"

"Nimempima."

"Na nini?"

"Na vidole."

Wachira alivitazama vidole vya Ooko. Kimoja hakikuwa na ukucha.

"Sawa," alisema. "Unataka mabati ya urefu gani?"

Jumatano asubuhi walishusha vifaa Seme. Mama Benta, mama yao, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akiwatazama wakichimba mashimo ya nguzo.

"Mnamjengea nani?"

"Opiyo."

Mama Benta aliushusha mwiko. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na alikuwa amewazika wengi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili nyumba inayojengwa kwa haraka ni ya nani. Akavuta pumzi ya kilio.

"Mama, usilie bado," alisema Ooko.

"Kwa nini nisilie?"

"Hawajatangaza."

"Mtoto wangu amekufa au hajakufa?"

"Kwa kipimo changu, amekufa."

"Na kwa kipimo chao?"

"Wao bado wanaandika."

Mama Benta aliitafakari hali hiyo. Kilio kikishatoka hakirudishwi. Majirani wangefika na viti vyao kabla ya saa sita.

"Basi kilio changu nitakishika," alisema, "mpaka nisikie kwa mtu aliyevaa nguo za kijani za hospitali." Akarudi jikoni, lakini tangu hapo hakula.

Kufikia Alhamisi adhuhuri nyumba ilikuwa imesimama, vyumba viwili, madirisha mawili, mabati juu. Ulibaki mlango tu. Ooko alikuwa ameuacha mwisho kwa sababu mlango ndio kazi aliyoijua zaidi, na alitaka huu uwe mzuri. Alikuwa juu ya ngazi akipigilia misumari ya mwisho ya paa simu ilipolia.

"Shemeji," alisema Adero, "madaktari wanataka kikao cha familia. Kesho wanataka kuipunguza mashine waone kama moyo utashika kazi. Wamesema wewe kama mkubwa lazima uwepo." Akatega sikio. "Hiyo ni nyundo ya wapi?"

Wachira, aliyekuwa upande wa pili wa paa, hakujua kwamba inazungumziwa nyundo yake. Aliendelea.

"Seme," alisema Ooko.

"Unajenga nini Seme?"

Ooko alitafuta neno ambalo lingekuwa la kweli na lisiwe lile. Hakulipata.

"Ooko." Katika miaka kumi na saba ya ndoa Adero hakuwahi kumwita jina lake tupu. "Shuka hapo ulipo. Uje. Sasa hivi."

Alifika hospitalini saa tisa na vumbi la mbao kwenye nywele. Adero alikuwa amesimama katikati ya korido.

"Unamzika mume wangu nikiwa nimekaa hapa namsomea zaburi?"

"Sijamzika. Nimemjengea tu."

"Miaka kumi na miwili hukumjengea hata choo! Leo ndiyo umekumbuka?"

"Adero, hana mapigo. Nilimpima mikono yote miwili. Sekunde sitini kila mmoja. Sikutumia kidole gumba."

Sista Lornah alikuwa ametoka kuomba kelele ipungue. Alisikia hilo la mwisho, akasimama.

"Ulipata ngapi?" alimwuliza Ooko.

"Sifuri."

"Umepima vizuri," alisema Sista Lornah. "Hata mimi napata sifuri."

Adero alikaa chini kwenye benchi.

"Lakini si kwamba amekufa," aliendelea Lornah, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu mahali choo kilipo. "Moyo ukisukuma, unasukuma kwa vishindo. Hivyo vishindo ndivyo unavyovisikia mkononi. Sasa moyo wake umechoka, tumeupumzisha. Inayosukuma ni mashine, na mashine haipigi vishindo, inamimina tu. Mzee, ukifungua bomba la maji, maji yanadunda?"

"Hayadundi."

"Lakini yanafika?"

"Yanafika."

"Haya. Njoo."

Alimpeleka kitandani, akafunua shuka miguuni. "Shika." Nyayo za Opiyo zilikuwa na joto hadi vidoleni. Kisha Lornah akainama sikioni mwake. "Opiyo. Kaka yako amekuja. Mfinye mkono."

Kwanza hakikutokea kitu. Halafu vidole vya Opiyo vikavifumbata vya Ooko, taratibu, kwa nguvu ya mtu anayejaribu kama parachichi limeiva.

Ooko alivitazama vile vidole vilivyomshika.

"Kwa hiyo nilikosea," alisema.

"Kupima hukukosea. Ulikosea kuondoka bila kuuliza."

Katika kikao daktari hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mashine haikuwa kitu cha kukaa nacho. Kila siku iliyoongezeka ilileta hatari ya damu kuganda au kuvuja. Kesho asubuhi wangeipunguza kidogo kidogo. Moyo ukishika, vyema. Ukikataa, wangejaribu tena mara moja, na baada ya hapo familia ingeulizwa swali ambalo yeye hakutaka kuliuliza leo. Adero alitia sahihi. Ooko alitia sahihi chini yake, kwa mwandiko wa gumbaru, herufi zote zikiwa zimesimama wima.

Walipotoka, Adero alimwuliza bila kumtazama, "Umeweka mlango?"

"Bado."

"Usiweke."

Jioni ile haikuwa ya masomo. Ooko alikaa kwenye benchi chini ya tangi la maji la hospitali, akavua kofia. Alikuwa mtu wa sala ndefu, na kanisani walijua kwamba Mzee Ooko akisimama kuomba, wenye watoto wachanga watoke kwanza. Siku hiyo hakupata maneno mengi. "Bwana," alisema, "Jumanne nilitoa jibu kabla hujamaliza swali. Nisamehe. Kesho naomba pigo moja tu. La pili likija nalo nitalipokea. Amina." Akampigia mama yake simu akamwambia kwamba Opiyo yu hai, ale.

"Nimesikia," alisema Mama Benta. "Amesema nani?"

"Sista mwenye nguo za kijani."

"Basi nitakula kidogo. Kingine nitakula kesho."

Ijumaa saa tatu asubuhi daktari alikuwa na kifaa cha picha juu ya kifua cha Opiyo, na Lornah alikuwa na mkono kwenye kitufe cha mashine. Adero alisimama miguuni. Ooko aliomba ruhusa ya kushika mkono. Daktari alitaka kukataa.

"Mwache," alisema Lornah. "Huyu ana cheti."

Ooko hakuwa na cheti, alikuwa na alama tisa, lakini hapakuwa mahali pa kubishana. Aliweka vidole viwili.

"Lita tatu na nusu kwa dakika," alisema Lornah, akianza kuipunguza. Ooko hakusikia kitu. "Tatu." Hakuna kitu. Adero alikuwa akitikisa midomo bila sauti. "Mbili na nusu." Jasho lilimtoka Ooko kwenye kipara na kushuka hadi kwenye ukosi wa shati la kanisani. "Mbili."

Na hapo chini ya kidole chake cha pili kikagonga kitu. Kilikuwa kidogo, kama mtoto anayebisha hodi kwenye mlango mnene. Kikanyamaza. Ooko hakupumua. Kikabisha tena, na tena, na baada ya hapo hakikuacha.

"Moja na nusu," alisema Lornah. "Mzee?"

"Usinisemeshe, nahesabu."

Wote wakangoja dakika nzima, pamoja na daktari.

"Tisini na mbili," alisema Ooko.

"Skrini inasema tisini na nne," alisema daktari.

"Ni tisini na mbili," alisema Ooko, na machozi yakamtiririka hadi kidevuni, lakini hakuondoa vidole ili kuyafuta.

Siku ya Jumatatu mirija ilitolewa. Jumamosi ya tarehe 5 Aprili Opiyo alikuwa wodi ya kawaida, ameketi, amepungua kama mti uliopogolewa, sauti imekwaruzwa na ule mpira. Waliomzunguka walikuwa Ooko, Adero, Mama Benta aliyeletwa kwa pikapu ya Wachira, Wachira mwenyewe, na Sista Lornah aliyekuwa amepita kumuaga. Walikubaliana kwamba Ooko ndiye amwambie.

"Mlinijengea nyumba," alisema Opiyo, baada ya kusikia yote.

"Vyumba viwili."

"Madirisha yanatazama wapi?"

"Ziwani."

"Si mbaya."

"Ni nzuri sana," alisema Wachira. "Ina shida moja tu, wewe huwezi kuingia."

"Nyumba ya maiti haiingiwi na mtu aliye hai," alisema Mama Benta. "Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, itakurudisha hapa kitandani. Itabomolewa. Mimi naomba Mungu asubuhi na jioni, lakini hilo sitalijaribu. Wewe utajenga yako. Utaingia alfajiri na jogoo na shoka na moto, mwanao mkubwa kando yako na Ooko mbele, kwa kuwa baba yenu hayupo."

"Sawa, Mama. Krismasi hii..."

"Usiitaje Krismasi," alisema Adero.

Opiyo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakukuwa na uso hata mmoja wa kumwokoa.

"Shemeji, mshike mkono," alisema Adero. "Tuone kama anadanganya."

Ooko alimshika, vidole viwili. Opiyo akakohoa.

"Mimi Opiyo," alisema, "mbele ya mama yangu na mke wangu, na sista, na huyu Wachira, nitaingia kwangu mwezi wa Agosti, kwa miguu yangu mwenyewe."

Wakangoja.

"Themanini na nne," alisema Ooko. "Anasema kweli."

"Na wewe je?" Mama Benta alimgeukia. "Ulinifanya nimeze kilio siku mbili. Unafikiri kimeyeyuka?"

Ooko alisimama. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, kama afanyavyo kanisani, na kwa mara ya kwanza mbele za watu tangu awe mzee wa kanisa alisema maneno machache.

"Mimi Ooko, Mungu akinisikia nanyi mkinisikia, sitampigilia mdogo wangu msumari hata mmoja tena mpaka yeye mwenyewe awe chini ananishikia ngazi."