Mshono wa Mkono wa Kushoto

Watu husema mama wa kambo si mama, na wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuwa mama wa kambo. Huyu wetu alikuwa fundi wa kushona nguo, mwanamke wa makamo, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno, aliyeolewa na dereva wa lori aliyefiwa na mkewe. Dereva alikuwa na binti wa miaka kumi na sita. Mwaka na nusu tangu fundi aingie nyumba ile, binti hakuwahi kumkosea adabu hata siku moja. Shikamoo asubuhi, asante mezani, kila kitu mahali pake. Ila alimwita "fundi", vile vile wateja wanavyomwita, na nguo yake ikifumuka aliipeleka kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Hebu fikiria aibu hiyo. Ilimuuma fundi, tena sana, kwa sababu alimpenda yule mtoto na hakujua ampendeje bila kumsumbua.

Kilichowaweka chumba kimoja ni televisheni. Cherehani ilikuwa sebuleni karibu na dirisha, na kila Jumamosi saa tisa alasiri kilitoka mtandaoni kipindi kipya cha tamthilia ambayo binti hakuikosa hata akiwa na homa. Ilikuwa habari ya Dada Ngurumo, mwanamke anayepiga makofi radi ikashuka, na adui yake Kimya, mtu wa joho jeusi anayemeza sauti za mji mzima. Misimu mitatu ilipita na hakuna aliyeona uso wa Kimya. Nani yumo ndani ya joho? Binti alikuwa kiongozi wa kundi la simu la mashabiki mia mbili na ushee, na humo walibishana kama wanaogawana urithi. Mmoja aliyejiita Profesa alishikilia kuwa Kimya ni mwalimu wa kemia. Wengine walimtaja mkuu wa polisi. Wengine walisema ni Ngurumo mwenyewe, amerudi kutoka siku zijazo, na hao ndio waliotukanwa zaidi. Binti alizisoma hoja hizo kwa sauti, akiiambia simu yake, si fundi. Fundi alishona pindo zake akisikiliza kila neno, akajifanya hayupo.

Jumamosi moja uzalendo ukamshinda. Joho la Kimya lilijaa kioo kizima, naye akajikuta anasema, "Rudisha nyuma kidogo."

Binti akageuka. "Nini?"

"Rudisha. Hapo, simamisha." Fundi akaacha cherehani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Pindo hili limeshonwa kwa mkono, na aliyelishona ni wa mashoto. Ona mishono inavyolalia huku. Tena mwisho wa uzi hafungi fundo, anarudia mara tatu pale pale. Sasa nionyeshe kola ya Ngurumo."

Binti akaitafuta, akaikuza. Mishono ilikuwa ile ile, imelalia upande ule ule, na mwisho imerudiwa mara tatu.

Sasa, kwenye tamthilia ile, mavazi ya Ngurumo yalishonwa na shangazi yake, mwanamke mpole anayekaa jikoni na kikapu cha nyuzi. Hakuna aliyewahi kumshuku.

"Ni shangazi," binti akasema taratibu. "Anamshonea Ngurumo, anamshonea na Kimya."

"Au ndiye Kimya," fundi akasema. "Nguo ya siri humpi mtu akushonee. Unajishonea."

Binti alipopiga picha za mishono ile na kuzituma, kundi liliwaka moto. Wakamuuliza nani ameona jambo hilo. Akajibu, "Kuna fundi hapa nyumbani." Wakambatiza fundi Jicho la Sindano, na tangu siku hiyo kila ubishi ulisubiri neno lake. Jumamosi tano walikaa pamoja kwenye kochi, chai mkononi, wakigombana juu ya vifungo na mikunjo. Binti alimvuta mkono aone hiki, akamkatiza maneno, akamwambia hajui kitu. Fundi alimshukuru Mungu kwa ajili ya Kimya, shukrani ambayo sidhani iliwahi kupelekwa huko juu na mtu mwingine.

Ila furaha yake ilikuwa na mwiba. Tamthilia ilikuwa inakwisha. Ikiisha, wataongea nini? Na binti alikuwa amejifunga mbele ya kundi zima: kama Kimya si shangazi, yeye ataacha uongozi. Fundi aliposikia hivyo alijichoma sindano kidoleni. Aliona wazi kwamba akikosea, mtoto atachekwa kwa sababu yake, na mlango uliofunguka kidogo utafungwa asubuhi moja na shikamoo baridi.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Radi ikashuka, joho likapasuka, kofia ikaanguka.

Mwalimu wa kemia.

Simu ya binti ikaanza kutetemeka juu ya meza, isitulie. Ujumbe wa Profesa ulikuwa wa kwanza: "Mwambieni Jicho la Sindano arudi kwenye vifungo vyake."

"Nimekuponza," fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Waambie ni mimi. Waambie ni fundi tu wa mtaani, alijitia kujua yasiyomhusu. Lawama ziwe zangu."

Binti alikuwa akitazama majina yanayopanda mwishoni, yale ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Akasimamisha.

"Njoo uone."

Waigizaji, wapiga picha, watu wa taa, wa sauti. Kisha: kukata na kushona mavazi yote. Hapo palikuwa na jina moja peke yake.

Fundi akalisoma mara mbili, ndipo likamwingia. Hakuwa amekosea mkono. Mahali fulani alikuwepo mtu wa mashoto aliyemshonea Ngurumo, akamshonea Kimya, akamshonea shangazi na mkuu wa polisi pia. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Watu mia mbili walikuwa wakimwinda adui, yeye akamkamata aliyewavika.

"Mjinga mimi," akasema. "Nimemshika fundi mwenzangu nikamwita jambazi."

Binti akacheka. Alicheka mpaka akalala kwenye kochi, akajifuta machozi, akacheka tena, na fundi naye akashindwa kujizuia. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko cha namna hiyo tangu msiba.

Kisha binti akachukua simu, akaandika kwa muda, akatuma. Akamgeuzia fundi kioo asome.

"Profesa, umepata, hongera. Uongozi naacha kama nilivyoahidi. Lakini ninyi nyote mliona joho tu. Aliyeuona mkono ulioshona ni mama yangu."

Fundi alisoma, akarudia. Macho yakamjaa, na hakuona haja ya kuyaficha.

"Asante," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kuniandika hivyo."

Binti akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali rahisi kupita kiasi.

"Kwani ningekuandika nani?"