Tangazo la Mnadani

Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa nikiandika habari za chuo. Kazi niliyoajiriwa ni ukarani, lakini chuo chetu cha mifugo ni kidogo, wanafunzi hawafiki mia mbili, na katika chuo kidogo karani ndiye mpokea wageni, mpiga picha, mtafuta maturubai na mwandishi. Kila Jumatatu nilibandika karatasi moja kwenye ubao nje ya ofisi: ng'ombe gani wa mafunzo kazaa, mechi na vijana wa Ihanja ni lini, maji yatakatwa siku gani, mahafali ni tarehe ngapi. Wanafunzi walinitania kwamba hata mbwa wa mlinzi akipiga chafya, Madam Martina ataandika. Nilijifanya nimekasirika. Moyoni nilifurahi, maana ilionyesha kwamba wanasoma.

Habari za wazazi zilikuwa na njia yake. Wazazi wetu wengi ni wafugaji, na mahali pekee unapoweza kuwapata pamoja ni mnadani siku ya Alhamisi. Nilikuwa naandika tangazo, nalipeleka mwenyewe kwa Yeremia, dalali wa mnada, naye analisoma kwenye spika katikati ya kuuza dume la huyu na mbuzi wa yule. Halafu Bwana Clement, mkuu wetu wa chuo, akaanzisha kundi la wazazi la WhatsApp, na mimi nikalipenda kupita kiasi. Unaandika umekaa, hukanyagi mavi ya ng'ombe, humbembelezi dalali.

Jesca Alute alikuwa mwaka wa mwisho. Msichana mrefu, mkimya, mkono wake mwepesi kwenye sindano kuliko wakufunzi wengine ambao sitawataja. Mwaka uliotangulia mama yake alifariki wiki ya mitihani. Jesca alipata taarifa asubuhi akiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, akaingia, akaandika, kisha akaenda nyumbani. Akakuta wameshazika. Baba yake, Mzee Alute, alimwambia mbele ya watu wote waliokaa msibani, "Baki na chuo chako." Tangu siku hiyo hakukanyaga kwao. Likizo alikaa bwenini, akilisha ndama wa chuo.

Mwezi wa kumi nilipoandika kwamba mahafali yatakuwa Jumamosi tarehe ishirini na mbili Novemba, alikuja ofisini kuniuliza kama tangazo litasomwa mnadani. Baba yake hakuwa na simu, na wala hakuitaka. Nikamwambia litasomwa, na kweli nililipeleka. Yeremia alilisoma Alhamisi mbili mfululizo.

Wiki mbili kabla ya sherehe, mgeni rasmi akapata safari. Tarehe ikarudishwa nyuma, kutoka ishirini na mbili kwenda kumi na tano. Nikabadilisha ubaoni, nikaandika kwenye kundi la wazazi kwa herufi kubwa. Jesca akaja tena. Alisimama mlangoni huku amevaa gambuti za zizini, akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Madam, baba akija nitajua amenisamehe. Asipokuja, nitajua pia. Tarehe mpya naye ataisikia?"

"Niachie mimi," nikamwambia.

Alhamisi iliyokuwa imebaki sikwenda mnadani. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nahangaika na maturubai, na viti vya kuazima kanisani, na keki iliyotoka Singida mjini ikiwa imebonyea upande mmoja. Nilikumbuka tangazo saa tisa mchana, mnada unavunjika, nikajiambia siku hizi kila mtu ana simu, na asiye na simu ana jirani mwenye simu. Nikaendelea kugombana na mtu wa maturubai.

Siku ya mahafali kwetu jina la mhitimu likiitwa, wazazi wake hutoka walikoketi, wakamvisha taji la maua na kumfunga kitenge, na akina mama hupiga vigelegele mpaka mshereheshaji aombe utaratibu. Lilipoitwa jina la Jesca, alitoka peke yake. Alipokea cheti, akasimama akiangalia upande wa wazazi kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Mwisho mama wa mwenzake akainuka na kumvisha taji la binti yake. Mimi nilikuwa na kamera. Nilimpiga picha, na moyoni nikamlaani Mzee Alute kwa roho yake ngumu. Naapa haikunijia kabisa kwamba mzee hakujua.

Jumatatu Jesca alikuja kuaga. Alikuwa ameitwa kazini kwenye shamba la ng'ombe huko Sumbawanga, na alikuwa anafikiria kukataa ili awe karibu na nyumbani. Sasa hakuwa na sababu ya kukataa. Aliniachia namba yake mpya, akanishukuru kwa yote, akapanda basi.

Jumamosi tarehe ishirini na mbili nilikuwa ofisini nikipanga mafaili, chuo kimya, wanafunzi wamefunga. Mlinzi akaniletea mgeni. Mzee mrefu, koti la kahawia la suti, shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha juu, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi halafu vikatembea vumbini masaa mengi. Mkononi alikuwa na taji la maua ya karatasi. Nilijua ni nani kabla hajasema, kwa jinsi Jesca alivyofanana naye.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatazama uwanja mtupu. Akaniuliza kama amewahi sana.

"Mzee, mahafali yalikuwa Jumamosi iliyopita," nikasema. Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini nikaongeza, "Tulitangaza."

Ndilo neno nililomwambia. Na yeye, mtu mzima wa miaka sabini, akaupokea uongo wangu kwa heshima. Akasema basi hakusikia vizuri, masikio yake siku hizi si ya kuaminika, na pale mnadani kuna kelele. Akaniomba nimwie radhi kwa usumbufu. Nikamwambia hakuna usumbufu.

Akaomba nimwonyeshe mahali aliposimama Jesca alipoitwa. Nikampeleka uwanjani. Maturubai yalishaondolewa na sikuwa na hakika, nikaonyesha tu mahali, kama hatua kumi kutoka mlingoti wa bendera. Akaenda akasimama pale. Akavua kofia. Alikaa hivyo muda mrefu, jua kali, mimi nimesimama pembeni na aibu yangu. Aliporudi alikuwa amelia, na hakujificha.

"Nilimtamkia neno baya mwanangu siku ya msiba," akasema. "Sikulala vizuri mwaka mzima. Ukimpata kwenye simu, mwambie baba yake alikuja. Amekosea siku tu."

Nikamwahidi. Nilimpigia Jesca jioni ile, simu haikupatikana. Nilipaswa kupiga tena kesho yake. Lakini usiku nilifikiria mazungumzo yatakavyokuwa: nitamwambia baba alikuja tarehe ishirini na mbili, na yeye, ambaye si mjinga, ataniuliza swali moja tu. Nikasema nitapiga wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema ngoja azoee kazi. Krismasi ikapita. Kila Jumatatu niliandika habari za chuo kama kawaida, usajili umefunguliwa, chanjo ya mbuzi Jumatano, na kila nilipobandika karatasi nilijua kuna habari moja sijaifikisha.

Wiki ya mwisho ya Januari Bwana Clement aliniita, akaniagiza niandike tanzia. Mzazi wa mhitimu wetu Jesca, Mzee Alute, amefariki kwa kichomi, mazishi kesho kutwa. Niliandika. Nilikosea hata nikachana karatasi mbili. Bwana Clement mwenyewe ndiye aliyempigia Jesca, na safari hii simu ilipatikana mara ya kwanza.

Nilikwenda msibani na gari la chuo. Jesca alifika asubuhi ya mazishi, macho yamemvimba, akazika akiwa wima. Baadaye niliketi na akina mama tukichambua mchele, na shangazi yake, Mama Evodia, akawa anasimulia siku za mwisho za kaka yake. Alisema Krismasi mzee alikataza chakula kisipakuliwe mpaka jioni. Alikuwa anawaambia wamsubiri Jesca, ameshapelekewa habari, atakuja.

Niliacha ungo pale pale. Nilimkuta Jesca nyuma ya nyumba, ameketi juu ya kinu kilicholazwa, nikamwambia yote. Alhamisi ambayo sikwenda mnadani. Lile neno, "Tulitangaza." Simu niliyopiga mara moja. Sikujitetea, na sikulia, kwa sababu niliona sina haki ya kulia mbele yake.

Nilitegemea matusi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Alivaa nini?"

Nikamwambia. Koti la kahawia, shati jeupe. Akaniuliza kama kifungo cha juu kilikuwa kimefungwa, nikasema ndiyo. Akaniuliza alisimama wapi, alisimama muda gani, aligeukia upande gani, alivua kofia kwa mkono upi. Nilimjibu yote niliyoyakumbuka, na nisiyoyakumbuka nikasema sikumbuki, maana nilikuwa nimechoka na uongo. Akaniambia nianze tena tangu alipoingia getini. Nikaanza tena. Alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu kila nilipofika mahali anapomtambua baba yake.

Nilipomaliza mara ya pili, alijifuta uso kwa khanga.

"Krismasi nilikuwa na likizo ya siku kumi, madam," akasema. "Nilikaa chumbani. Sikuwa na pa kwenda."

Ndani mtu akamwita, wageni wa kanisani walikuwa wanaondoka. Akainuka, akaenda kuwaaga.