Ngokela ya Simu

Ujumbe ulimfikia Lukresia akiwa amechuchumaa ufukweni Lundo, akimrekodi mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa kichanjani. Simu ikatetemeka, picha ikayumba, naye akasonya. Laiti angejua kilichokuwa ndani ya simu, asingepoteza msonyo wake kwa ajili ya picha.

Alisoma mara ya kwanza, hakuelewa. Akasoma mara ya pili, akaelewa, na papo hapo akatamani arudi kule kwenye kutoelewa. Wenye mtandao walimjulisha, kwa Kiswahili cha mashine kisicho na hata salamu, kwamba chaneli yake imeondolewa matangazo kuanzia siku hiyo kwa sababu ya mibofyo isiyo halali. Video zake zitaendelea kuonekana. Yeye hatalipwa kitu.

"Binti, umefiwa?" yule mama wa dagaa akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Mbona umekaa kwenye maji?"

Lukresia akatazama chini. Kweli, alikuwa amekaa kwenye maji, ziwa linamlowesha sketi mpaka kiunoni, na hakukumbuka amekaa saa ngapi.

Watu wakisikia habari za chaneli hufikiri ni mambo ya kujipodoa na kutafuta umaarufu. Lukresia hakuwa na haja ya umaarufu. Alikuwa na mtoto. Miaka yote Mariana alipokuwa anaota meno, anajifunza kutembea na kusema, yeye alikuwa Songea, anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na mtoto alilelewa Kingerikiti na bibi yake, Kunigunda. Krismasi moja Lukresia alifika nyumbani na mizigo yake, mtoto akamsogelea kwa adabu zote, akampa mkono na kusema, "Shikamoo shangazi." Lukresia alicheka mbele za watu, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Kilichomrudisha nyumbani ni video fupi aliyoirusha bila kufikiri: mama yake analima ngolo kwenye mteremko, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa safu kwa safu, ambayo matuta yake huanza kwa kulaza nyasi na kuzifukia udongo, huku akimgombeza kuku kwa Kimatengo. Watu wakapenda. Wakaomba nyingine. Chaneli ikapata jina, Mlimani kwa Kunigunda, matangazo yakaanza kuingia, na Lukresia akawaachia wengine mashuka. Siku hizi Mariana alilala amemgandamia mgongoni, alimwita mama, na alikuwa ameshaanza hata kumjibu jeuri, jambo ambalo Lukresia alilipokea kama zawadi. Shamba la kahawa la marehemu baba yake lilishagawanywa kwa kaka zake, kikabaki kipande cha ngolo cha mama. Hapakuwa na kitu kingine cha kumweka nyumbani. Matangazo yakiondoka, yeye naye anaondoka, na mtoto anabaki.

Jioni ile hakusema. Aliwaletea dagaa, wakala, Kunigunda akauliza habari za Lundo, akaambiwa njema.

Lakini kichwani alikuwa na jina la mtu mmoja. Crispin. Kijana huyu alikuwa na studio ya picha karibu na stendi ya Mbinga na chaneli yake ya harusi, na mwaka jana kwenye sherehe moja alisema kwa kipaza sauti kwamba siku hizi hata kulima ni sinema. Watu walicheka sana. Lukresia hakuwa amemsamehe, na sasa aliona ameshapata sababu. Asubuhi akamwambia mama yake kwamba anashuka tena Lundo, kuna picha hazikutoka vizuri. Akapanda gari la kwenda Mbinga.

"Umefurahi?" ndiyo ilikuwa salamu yake alipoingia studio.

Crispin alikuwa na mteja, bwana mmoja aliyekaa wima anasubiri picha ya pasipoti. Wote wawili wakamwangalia.

"Shida nini, dada Lukresia?"

"Umebofya matangazo yangu mpaka wamenifungia! Nilikukosea nini, Crispin? Nimekuchukulia harusi gani?"

Crispin akamwomba yule bwana asubiri kidogo, akachukua simu ya Lukresia, akasoma. Uso wake ukabadilika, na Lukresia akaona wazi kwamba huyu mtu ameshtuka kuliko yeye. Hapo akaanza kuona aibu.

"Dada, mimi nikubomolee ili nipate nini?" akasema kwa upole. "Chaneli yangu anaiangalia mama yangu na mbuzi wake. Wewe ndiye tunayekutaja kwa watu, kwamba hata huku kwetu inawezekana."

"Sasa nani?"

"Mimi sijui. Ila wanachosema ni hivi: simu chache, zile zile, zinafungua video zako, zinabofya tangazo, zinatoka, zinarudi, zinabofya tena. Kampuni zinalipia matangazo ili zipate wateja, na hapo hakuna mteja. Wanaona ni wizi." Akamrudishia simu. "Huyu si mtu wa kupita tu. Huyu amekaa chini, akaifanya kama kazi. Una ugomvi na nani kijijini?"

Bwana wa pasipoti akatikisa kichwa kwa huruma. Crispin akamsaidia kufungua ukurasa wa rufaa, akamweleza aandike nini, akamwonya asitegemee sana. Lukresia akamwomba radhi. Crispin akasema yameisha, na hata nauli akataka kumpa.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anawapanga maadui. Yupo mke wa kaka yake, aliyesema ngolo zile ni za ukoo, si za Kunigunda kuonyesha dunia. Wapo vijana wa kilabuni. Alishuka kwenye kona ikiwa bado mchana, akatembea kipande kilichobaki kwa hasira, akijiapiza kwamba akimjua mtu huyo, mwaka huu padre atapata maungamo ya kweli.

Akiwa bado kwenye mteremko chini ya nyumba akasikia wimbo. Aliufahamu. Ulikuwa wa ngokela, ule utaratibu wao wa kuitana majirani, leo tukalime kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye shamba akiwapikia. Akashangaa, maana ngolo za mama yake zilishakwisha kulimwa wiki iliyopita.

Akachungulia kwenye pembe ya nyumba.

Wanawake wa jumuiya yao ya kanisani walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka, safu mbili zinazotazamana, na mikononi wana simu. Kunigunda amesimama katikati, kanga imefungwa kiunoni, sawasawa na anavyosimama mteremkoni.

"Safu ya juu, lazeni nyasi!"

Safu ya juu wakafungua video. Sauti ya Kunigunda mwenyewe ikatoka kwenye kila simu, ikimgombeza kuku, huku Kunigunda wa kweli akisubiri.

"Tangazo limetoka?"

"Limetoka!"

"Haya, fukieni!"

Simu zikavushwa kwenda safu ya pili, na vidole vikashuka kwenye matangazo. Tadea, jirani yao wa mlango kwa mlango, alibofya tangazo la saruji, akatoka, akarudi, akabofya saruji ile ile, kwa bidii ya mtu anayewahi mvua. Bibi Luisa, ambaye macho yamemwishia, alikuwa anashikwa kidole na mwenzake na kuwekewa mahali penyewe. Pembeni sufuria la maharage lilikuwa linachemka. Ni Kwaresima, pombe hakuna, lakini watu wa ngokela lazima wale.

Lukresia alishika ukuta. Njia nzima alikuwa anamtafuta adui, na adui amemkuta amevaa kanga ya mama yake.

"Ametukamata!" Tadea akapasua kicheko alipomwona. Wote wakageuka, wakapiga makofi kama watoto waliofumaniwa kwenye mchezo. "Tulitaka ushtuke mwisho wa mwezi, ushangae hela zimetoka wapi!"

"Mmeanza lini?" Lukresia akauliza.

"Toka Jumatano ya Majivu. Kila ukishuka Lundo, sisi tunalima. Mama yako alitwambia hela ya simu inapungua, unawaza kurudi Songea. Tukasema Songea kufanya nini? Kwani sisi tumekufa?"

"Mimi nimeuza kuku wa mayai nikanunua bando," mmoja akasema, akiinua simu yake juu.

"Na mimi silali," bibi Luisa akasema. "Mwanangu akisinzia tu nachukua simu yake, napapasa. Nikikosea inapiga muziki, namwamsha!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lukresia akawaangalia mmoja mmoja, wanawake waliomlelea mtoto wake, na neno moja tu likaja.

"Ahsanteni," akasema.

Akakaa nao. Akala maharage yao. Ilikuwa ni kama kula udongo, lakini alimaliza sahani.

Walipoondoka akamwomba mama yake akae. Akamweleza yote, kuanzia Lundo hadi kwa Crispin, polepole, bila kumtazama. Kunigunda alisikiliza na mwiko mkononi.

"Wewe ulisema tangazo likibofywa tunalipwa," akasema mwishowe.

"Nilisema."

"Hapa hapa jikoni."

"Hapa hapa, Mama. Lakini mtu abofye kwa sababu anataka kununua."

"Mimi saruji nitainunulia nini?"

"Hicho ndicho wanachosema na wao."

Kunigunda hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alikaa ametoa macho, midomo inacheza kidogo, kama mtu anayehesabu safu na kukuta alikuwa analima shamba la watu. Kila kidole alichokiita kije kumsaidia kumshika binti yake nyumbani, kilikuwa kinamsukuma binti huyo mlangoni.

"Waandikie," akasema. "Waambie ni mimi. Kunigunda ndiye aliyewaita. Wanifungie mimi, wewe wakuache."

Lukresia akaandika. Hakuficha wala hakupamba. Alieleza ngokela ni nini, kwamba kwao mtu akielemewa na shamba majirani huja, na kwamba hawa wanawake hawajaiba kitu maishani mwao. Alipomaliza kusoma kwa sauti, Kunigunda alisema amen. Jibu lilikuja kesho yake, fupi kuliko salamu ya polisi. Wamepitia maelezo yake. Maelezo yanathibitisha kwamba mibofyo ilipangwa na watu wake wa karibu. Uamuzi haubadiliki.

Ukweli wao wenyewe ndio uliofunga kesi. Lukresia alisoma jibu lile amesimama. Jioni akapiga simu Songea. Mwenye nyumba ya wageni alifurahi kumsikia. Mashuka yapo, aje Jumatatu.

"Usiwaambie wenzangu," Kunigunda akamwambia. "Tadea atakufa kwa aibu. Na Luisa je?"

"Watauliza naenda wapi."

"Niachie mimi."

Jumamosi asubuhi, Lukresia akiwa ndani anakunja nguo zake, akasikia miguu uani. Wamekuja, mapema, na simu zimechajiwa. Na kwa kuwa siri yao imeshafichuka, hawakungoja tena ashuke Lundo. Akasikia mama yake akitoka mlangoni.

"Leo hatulimi," Kunigunda akasema. "Shamba tumelimaliza."

"Limeisha vipi?" Tadea akauliza.

"Mwanangu amepata kazi Songea. Kazi kubwa, ya ofisini. Waliona zile video zinavyoangaliwa, wakasema huyu huyu ndiye tunayemtaka. Anaondoka Jumatatu."

Ndani, blauzi ikamwanguka Lukresia mikononi. Mama yake, mwanamke anayekwenda kuungama kwa kumfikiria jirani vibaya, alikuwa amesimama mchana kweupe, katikati ya Kwaresima, anawadanganya wenzake bila sauti kutikisika.

Vigelegele vikapasuka. Vilikuwa virefu, vya harusi.

"Ngokela yetu!" Tadea alikuwa anapiga kelele. "Jamani, si niliwaambia? Tumelima mpaka imezaa! Yuko wapi? Mtoeni bibi harusi!"

Lukresia akafuta uso kwa blauzi, akatoka. Wakamvamia kwa mikono, wakamkumbatia, bibi Luisa akampapasa mashavu na kumwambia amenenepa tayari. Akacheka nao. Juu ya mabega yao akamwona Mariana amesimama kando ya bibi yake, bakuli la uji mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa amesikia pamoja na wengine wote.

"Mama," mtoto akaita, na kelele zikapungua. "Na wewe umefurahi?"

Wanawake wakamgeukia Lukresia. Kunigunda alikuwa anatazama chini.

"Nimefurahi sana," Lukresia akasema.

Mariana akamwangalia kitambo, akaliweka bakuli chini, akaanza kupiga makofi pamoja na wengine.