Uboho wa Kwenda Helsinki

Kutoka Riga hadi Helsinki ni kama kilomita mia tatu na sitini, na ndege hutumia saa moja tu. Lakini asubuhi ile ukungu uliufunika uwanja wa ndege, na ilipofika saa tatu safari zote zikafutwa.

Vizma, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshika kisanduku cha baridi mapajani. Ndani mlikuwa na mfuko wa uboho wa mifupa uliotolewa jana yake na mtu asiyemjua, ampelekee mgonjwa asiyemjua. Kazi hiyo ya kujitolea alikuwa akiifanya kwa mwaka wa nne sasa. Aliambiwa jambo moja: madaktari wanausubiri kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Akampigia mdogo wake simu.

"Uldis, gari lako linatembea?"

"Linajikongoja. Kwani vipi, dada?"

"Nipeleke Tallinn. Nikapande meli ya kuvukia Helsinki."

"Tallinn! Kilomita mia tatu na ukungu huu? Umerogwa?"

"Njoo kwanza, matusi utanipa njiani."

Uldis akaja, akamtukana kweli njiani, naye Vizma akamwacha aseme. Walipokwisha kupita mji wa Pärnu, wakakuta lori limelala katikati ya barabara. Foleni haikusogea. Vizma alitazama ramani, akaonyesha njia ya msituni.

"Hiyo ni ya trekta," Uldis akasema.

"Basi leo wewe ni trekta."

Matope yaliruka mpaka kwenye vioo. Mara mbili Vizma alishuka kusukuma, kisanduku kikibaki kitini kimefungwa mkanda kama abiria.

Walifika bandarini meli ya saa nane na nusu ikiwa karibu kung'oa nanga. Kijana wa langoni akatikisa kichwa.

"Nimeshafunga, mama. Panda ijayo."

"Ijayo nitachelewa." Vizma akamwonyesha karatasi za hospitali. Sauti yake haikupanda. "Huko Helsinki kuna mtu ambaye madaktari wameuua uboho wake wote kwa dawa, ili apokee huu. Wa kwake hauwezi kurudi tena. Nisipofika, hana kitu. Mimi siondoki hapa, mwanangu. Piga simu kwa mkubwa wako."

Kijana alimtazama, akatazama viatu vyake vilivyojaa matope, akapiga simu. Lango likafunguliwa.

Saa kumi na moja na dakika kumi Vizma alikabidhi kisanduku hospitalini Helsinki. Muuguzi alisoma kipimajoto, akatia sahihi, akaondoka nacho mbio. Hapo ndipo Vizma alipoketi kwenye kiti cha korido na kulia kidogo.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, ofisi iliyomtuma ilimpelekea kadi ya mgonjwa yule, isiyo na jina, maana sheria hairuhusu kutajana. Iliandikwa hivi: "Jana nilipanda baiskeli mpaka ufukweni. Nilichoka vizuri sana."