Mshale Uliojiondokea

Gembo alikuwa mpiga upinde wetu hodari kuliko wote. Hata watu wa ng'ambo ya mto, ambao hawajawahi kusifu kitu kisichokuwa chao, walikuwa wakimwona anavuta ugwe wa upinde wanakatiza nyimbo zao za kebehi. Ndiyo maana asubuhi ile mshale wake ulipoanguka uwanjani, hata nusu ya njia haujafika, tulicheka tukidhani anatufanyia mzaha.

“Shemeji, shabaha iko huku!” Rabgay alipiga kelele kutoka upande wa pili. “Au unawinda panzi?”

Rabgay ni kaka wa Yangzom, mke wa Gembo. Siku hiyo zamu yake ilikuwa kusimama kando ya shabaha, kucheza na kutuonyesha mishale imetua wapi, kama ilivyo desturi. Gembo alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, anakunja vidole na kuvikunjua.

“Nilikuwa sijaachia,” aliniambia, maana mimi ndiye niliyesimama nyuma yake.

“Hujaachia nini?”

“Ugwe. Nilikuwa bado nalenga. Mshale umejiondokea.”

Nikamwambia ni baridi. Theluji ilikuwa bado imelala kwenye vivuli vya misonobari, na sote tulikuwa tunapuliza vidole. Akatia mkono kwapani.

Hakuniambia kwamba kwa wiki nyingi kidole chake cha mwisho na kile cha pete vilikuwa vinakufa ganzi. Akiamka alfajiri anaukuta mkono chini ya shavu lake kama wa mtu mwingine aliyeusahau hapo. Kazini nyundo ilimponyoka mara mbili tatu. Yeye ni seremala, akalaumu mpini. Yangzom ndiye aliyegundua. Alikuwa anachemsha chai ya siagi, mumewe amekaa ubavuni mwa jiko la chuma, mara akasikia harufu ya ngozi inayoungua.

“Gembo, mkono!”

Gembo akageuka kutazama ni mkono wa nani. Ukingo wa kiganja chake ulikuwa umelala juu ya chuma cha moto, na yeye alikuwa anaendelea kutafuna wali.

Habari ikaenea. Mechi ya mwaka mpya dhidi ya watu wa ng'ambo ya mto ilikuwa inakaribia, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema mnajimu wao ametusomea maneno mabaya. Wengine wakasema Gembo amekata mti usiokatwa. Gembo aliwasha taa za siagi hekaluni, akaomba msamaha wa kosa asilolijua, mkono ukabaki vilevile. Rabgay yeye alikuwa na neno moja tu.

“Kabla ya mchezo wanaume hulala peke yao,” alisema mbele yetu sote. “Wewe unalala kwa mkeo. Unadhani hatujui?”

“Mke wangu ni dada yako. Chunga mdomo.”

“Ningeuchunga kama wewe ungechunga kitanda.”

Walishikana majoho, tukawaachanisha. Kesho yake tulirudi uwanjani kufanya mazoezi kana kwamba hakuna lililotokea. Rabgay akaenda kwenye shabaha, akaanza kucheza na kumwimbia Gembo maneno ya kumkera, hayo tunayoimbiana siku zote. Gembo akavuta. Niliona kiwiko chake kikitetemeka. Mshale ukaondoka.

Nyimbo zikakatika. Mshale ulikuwa umepita kwenye mkono wa joho la Rabgay, ukaupigilia kwenye ukuta wa udongo ulio nyuma ya shabaha, na Rabgay alikuwa amesimama wima, rangi imemtoka, hathubutu kutikisika. Nyama haikuguswa. Tulipofika alikuwa ameshauchomoa mshale, ameushika kama mtu aliyeshika nyoka.

“Jana tumegombana,” alimwambia Gembo. “Leo unanipiga?”

“Sikukusudia.”

“Apa.”

Tukamsubiri aape. Gembo aliutazama mkono wake, akatutazama sisi. Aliuacha upinde wake pale pale chini, akaenda zake.

Baadaye aliniambia yaliyokuwa yakimzunguka kichwani. Alikuwa na hasira, hilo lilikuwa kweli. Alipovuta ugwe alimwona Rabgay anavyocheza, akatamani anyamaze. Kisha mshale ukaenda. Sasa nani aliuachia? Kama mkono ulikuwa umekufa, mbona ulimchagua Rabgay katika uwanja mpana kiasi kile? Na kama ni yeye aliyetaka, mbona hakumbuki kutaka?

Yangzom akampeleka hospitali ya wilaya. Walianza kwa tabibu wa dawa za asili, ambaye ana chumba humo humo. Huyo alimshika mishipa ya vifundo vya mikono yote miwili, akafumba macho muda mrefu, akasema upepo wa mwili umepotea njia. Akampa vidonge vya majani na kumkataza vyakula vya baridi. Wakavuka ukumbi hadi kwa Daktari Lhaden, mwanamke mfupi mwenye vidole vya haraka. Yeye hata hakuutazama mkono. Alimkunja kiwiko, akagonga upande wa ndani, na Gembo akaruka kitini. Kitu kama umeme kilimkimbia hadi kwenye kidole cha mwisho.

“Ugonjwa uko hapa,” alisema daktari.

“Lakini kinachokufa ni kidole.”

“Mshipa wa fahamu wa kidole hicho unapita hapa. Unavuta upinde umekunja kiwiko, unapiga nyundo umekikunja. Na ukilala?”

“Anaukunja chini ya shavu,” Yangzom akadakia.

“Basi mshipa unabanwa mchana na usiku. Pumzisha upinde. Ukilala, funga taulo kwenye kiwiko kisikunjike. Ganzi isipopungua, hospitali kuu kule Thimphu watakufanyia upasuaji.”

Gembo akauliza, “Daktari, mkono unaweza kuachia bila mimi kutaka?”

“Unaweza. Vidole vyako vimedhoofika.”

“Na je, ninaweza kutaka bila kujua kwamba nataka?”

Daktari aliweka kalamu chini. “Hilo hapa hatuna kipimo chake, kaka.”

Gembo aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Rabgay, akamweleza habari za mshipa. Rabgay alimsikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo kiwiko ndicho kilichotaka kuniua?”

Akafunga mlango.

Mechi tulishindwa vibaya. Gembo alikaa na wanawake, taulo mkononi, wapinzani wakimwimbia kwamba ameolewa. Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni. Vidonge alimeza, taulo alifunga, na hakujua kipi kinamsaidia, maana ganzi ilikuwa ikipungua wiki hii, wiki ijayo inarudi na hisia ya wadudu wanaotambaa. Mvua zilipokwisha alikwenda Thimphu, wakampasua. Kidole cha pete kikafufuka. Cha mwisho kikafufuka nusu, upande mmoja unasikia, upande mwingine kimya.

Alianza tena na upinde mwepesi, peke yake, uwanja mtupu. Siku moja nikiwa naye tulimwona Rabgay anashuka kilima. Hakutusalimia. Alikwenda hadi kwenye shabaha, akasimama kando yake.

“Ondoka hapo!” Gembo alipaza sauti.

“Piga!”

Gembo alishusha upinde, akatembea uwanja mzima hadi kwake. Nilimfuata.

“Rabgay, sijui,” alisema. “Nimejiuliza mpaka nimechoka. Siku ile mkono ulikuwa na ganzi na moyo ulikuwa na hasira. Sijui kipi kilitangulia. Siwezi kuapa.”

Rabgay alitafuna tambuu yake taratibu, akatema nyekundu kwenye nyasi.

“Ungeapa nisingekuamini,” alisema. “Na mimi sijui kwa nini nimekuja kusimama hapa. Yangzom anasema wote wawili tuna wazimu.”

Tukarudi pamoja mahali pa kupigia, safari hii Rabgay akasimama begani kwa Gembo. Gembo alivuta, akashikilia, akaachia. Mshale ulikwenda kushoto, ukachimba tope mbali na shabaha.

“Huo nani kauachia?” Rabgay akauliza.

Gembo alivitazama vidole vyake.

“Huo ni mimi.”

“Ovyo kabisa,” alisema Rabgay, akampa mshale mwingine.