Bosko Hatoi Manyoya

Mwirigi aliponinyang'anya mbwa wangu sikumlaani. Niliapa kimoyomoyo kwamba atajuta mbele za watu, kisha nikarudi saluni kwangu hapa Kiirua nikaendelea kusuka wateja.

Mbwa mwenyewe aliitwa Bosko. Mama yake alikuwa kijibwa cha mzungu chenye nywele za kujikunja, baba yake koko wa kijijini. Marehemu mume wangu, Kiambi, ndiye aliyemleta nyumbani, mdogo wa kulala ndani ya kofia. Matanga hayajapoa, mdogo wake, Mwirigi, akaja na kamba, eti mali ya ndugu yake ni mali ya ukoo. Ng'ombe sikuwagombania. Bosko nilimgombania hadi sauti ikakauka, na wazee wakacheka kuona mwanamke mzima analilia mbwa.

Nilijua anamtakia nini. Alikuwa akimposa Phyllis, mwalimu wa Runyenjes, mpenda mbwa ambaye kifua humbana manyoya yakitapakaa nyumbani. Bosko alikuwa zawadi ya uchumba.

"Hii haitoi hata unywele moja," Mwirigi alijigamba akimvuta getini. "Haina kazi. Ni kama kondoo tu. Mwezi wa kumi na mbili nanyoa, imeisha."

Hapo ndipo ningefungua mdomo. Mimi ni msusi, nywele ndizo zinazonilisha. Unywele wa mbwa hufa kama wetu. Wa koko huanguka chini ukaufagia. Wa Bosko hunaswa na wenzake ndani ya mikunjo, na usipoutoa kwa kitana, hadi kwenye ngozi, hufunga fundo, na fundo huvuta jingine. Nilikuwa nikimchana kila jioni: nyuma ya masikio, kwapani, mapajani, pale kola inaposugua. Mwirigi aliponiuliza kama mbwa ana vyombo vyake, nilimpa sahani. Kitana kilibaki kabatini.

Nikangoja. Mwezi wa nne nilimwona Bosko akijisugua kwenye nguzo za ua. Mwezi wa tano nikapita karibu na josho, nikamkuta Mwirigi anamtumbukiza pamoja na kondoo wake, dawa ikimwingia hadi shingoni. Mteja akiniletea nywele zilizoshikana, sizilowezi kabla ya kuzifumua, kwa sababu maji huzikaza hadi ziwe kama zulia. Nilisimama barabarani nikacheka. Naam, nilicheka. Bosko alinisikia akatikisa mkia, nami nikaenda zangu.

Mwezi wa nane Phyllis akaja kuona boma, ameandamana na shangazi zake watatu. Mwirigi alinipigia simu nije kupika. "Shemeji, usiniangushe," alisema. Nilimpikia mukimo na nyama kwa mapenzi yote, na chini ya aproni nikaweka mkasi.

Wageni waliposhiba, akamleta Bosko. Alikuwa amempiga brashi ya viatu juu juu, akang'aa kwa mbali. Phyllis akachuchumaa, akaingiza vidole shingoni. Havikuingia. Akajaribu mgongoni, kisha tumboni.

"Nani humchana huyu?" akauliza.

"Haichanwi, mpenzi. Haitoi manyoya."

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo miezi mitano. Nikatoka jikoni, nikapiga magoti, nikapitisha mkasi polepole kati ya ngozi na lile zulia nyuma ya sikio. Kipande kikatoka kizima, kizito, kinanuka josho. Nikakiinua shangazi wote wakione.

"Shemeji, hii ndiyo posa?" nikauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Mbwa ameshindwa kumtunza, mke atamweza?"

Shangazi mkubwa akavuta mkoba wake akasimama. Jasho lilimtoka Mwirigi puani. Loo, raha niliyoisikia siwezi kuificha! Nilitamani Kiambi angekuwepo.

Lakini Phyllis hakuwa akimtazama Mwirigi. Alikuwa akitazama pale nilipokata. Ngozi ilikuwa nyekundu, imechimbika, na ndani ya kidonda funza walikuwa wakitembea.

"Mama," akaniambia kwa heshima, "umekata kama mtu anayejua."

"Mimi ni msusi. Na ni mbwa wangu, huyu alininyang'anya."

"Ulijua itakuwa hivi?"

Ningeweza kudanganya. Ila nilikuwa bado nimelewa ushindi. "Tangu siku aliyomchukua."

"Na unakaa wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkasi. Bati la nyumba yangu linaonekana kutoka pale. Alilitazama, akanitazama mimi, kisha akavua shuka lake begani, akafunika pua na mdomo kwa ncha moja, akamfunga Bosko kwa iliyobaki. Nilipomnyooshea mkono mbwa wangu, akanitolea meno. Mkono uleule uliomchana miaka sita.

"Nampeleka kwa daktari wa mifugo Meru," Phyllis alisema. "Akipona atakuwa Runyenjes. Msije, hata mmoja wenu."

Hakuna aliyemzuia. Gari lilipopotea kwenye lami, Mwirigi alikaa kwenye kiti cha wageni akaanza kulia, nami nikakusanya sahani. Nilikuwa nimeapa atajuta mbele za watu, na amejuta. Jioni nilijikuta nimekaa mlangoni na kitana mapajani.